Nimeacha Pombe, Shekhe: Jioni Niende Wapi?

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake, sahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baad. Ndugu zangu katika imani, makala hii imetokana na suali nililoulizwa Kigera, katika Manispaa ya Musoma, nami sikuwa na jawabu lake. Nilikuwa huko kwa ziara ya daawa ya siku chache. Usiku wa mwisho, baada ya Isha na darsa, watu walipokwisha kutawanyika, kijana mmoja alibaki mlangoni akijifanya anatafuta viatu vyake. Nilipotoka akanisogelea.

"Shikamoo, shekhe."

"Marahaba, mwanangu."

"Nina suali, ila sikutaka kuliuliza mbele za watu."

Tukasogea pembeni, penye mabomba ya kutawadhia. Akaniambia kuwa ni mvuvi wa dagaa, na kwamba amekunywa gongo tokea alipokuwa kijana mdogo. Siku ile ilikuwa ni ya kumi na moja hajagusa kitu. Darsa yangu ilikuwa juu ya toba, na alikuwa ameisikiliza yote.

"Kutubu nimetubu, shekhe. Sala nasali. Lakini ikiingia magharibi mwili unaanza kunidai. Marafiki zangu wote wako kilabuni. Mke wangu amerudi kwao. Nikikaa chumbani peke yangu naona kuta zinanisogelea. Jioni niende wapi?"

Nikamjibu kama tunavyojibu siku zote. Nikamwambia adumu na adhkari za jioni, afunge Jumatatu na Alkhamisi, asome Qur'ani hata ukurasa mmoja, amuombe Allah. Alinisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza. Kisha akasema: "Ahsante shekhe, hayo nitayafanya. Lakini hapa kuna watu gani walioacha, nikakae nao?"

Nikanyamaza. Sikumjua hata mmoja. (Kisa hiki nakieleza kwa ridhaa yake, na baadhi ya mambo nimeyabadilisha ili asitambulikane.)

Asubuhi yake, kabla ya safari, nilijaribu kumtafutia. Nikamuuliza imamu, nikawauliza wazee wawili wa msikiti, nikamuuliza muuguzi mmoja aliyekuwa amestaafu. Kila mmoja alimjua mlevi, na wengi walimjua mtu aliyekufa kwa pombe. Hapana aliyenielekeza kwenye chumba ambamo walioacha hukutana. Nikampigia simu rafiki yangu Unguja, anayefanya kazi katika nyumba ya soba. Yeye hakuniuliza kijana huyo ana imani kiasi gani. Aliniuliza: "Analala na nani? Nani atakayempigia simu saa mbili usiku?"

Hapo ndipo nilipofahamu kuwa suali la yule kijana halikuwa la mtu mmoja. Ni suali la miji yetu mingi, nasi wenye mimbari tuna sehemu yetu ndani yake.

Kwa nini mlevi hana pa kwenda

Tuitazame hali ilivyo. Tanzania Bara ina Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015. Mamlaka hiyo ina namba ya simu ya bure, 119, na kupitia mamlaka na wizara ya afya zimepatikana kliniki za methadone na miongozo ya nyumba za upataji nafuu. Kliniki ya methadone ilianza Muhimbili mwaka 2011, na baadaye huduma hiyo ikafika Zanzibar, Mwanza na kwengineko. Hizi ni juhudi za kushukuriwa. Lakini methadone ni dawa ya wanaotumia heroini na vitu vya jamii yake. Haimtibu mnywaji wa gongo.

Pombe imewekwa katika fungu jengine. Inaangaliwa na sheria ya vileo ya mwaka 1968, ambayo jambo lake kubwa ni leseni: nani auze, wapi, na saa ngapi. Kwa hivyo heroini inatazamwa kuwa ni janga, na pombe inatazamwa kuwa ni biashara inayohitaji utaratibu. Gongo imepigwa marufuku kwa miaka mingi, na anayeinywa huogopa kwenda kuomba msaada asije akaulizwa aliinunua wapi. Tarehe 1 Machi 2017 Serikali ilipiga marufuku viroba, zile pakiti ndogo za pombe kali ambazo hata mwanafunzi aliweza kuzificha mfukoni. Hatua ile ilikuwa njema na tuliiunga mkono. Lakini viroba vilipoondolewa madukani, kiu haikuondoka katika miili ya watu waliokwisha kuzoea, na hapakuwa na mpango wa kuwapokea.

Jirani zetu wa Kenya wamechukua njia nyengine. Sheria yao ya mwaka 2010, ambayo watu huiita Sheria ya Mututho, ilibana saa za kuuza pombe, kisha mwaka 2012 wakaipa taasisi yao ya NACADA jukumu la pombe na dawa za kulevya kwa pamoja, ikiwa na namba ya bure 1192. Hawajamaliza tatizo, kwani mwaka 2014 watu wengi walikufa au kupofuka nchini humo kwa kunywa pombe iliyochanganywa na sumu. Hata hivyo, anayepiga simu kule kwa sababu ya chang'aa amepiga mahala pake.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa katika mwaka 2019 pombe ilisababisha vifo milioni 2.6 duniani, na mwaka 2023 likasema wazi kwamba hapana kiwango cha pombe kilicho salama kwa afya. Sisi hatukuhitaji kungojea tamko hilo ili kujua kuwa khamri ni haramu. Lakini kujua uharamu wake ni jambo moja, na kumpa mkono aliyekwisha kuzama ndani yake ni jambo jengine. La kwanza tumelifanya sana. La pili ndilo nililoshindwa kulifanya pale Kigera.

Zanzibar tulijifunza kwa machungu

Mimi ni mtu wa Unguja, na sitaki ionekane kuwa tumekuja Mara kuwafundisha watu. Kisiwani kwetu, pamoja na misikiti yake yote, heroini iliingia katika nyumba za watu wema. Nimewasalia jeneza vijana niliosoma na baba zao chuo kimoja cha Qur'ani. Kwa miaka mingi sisi mashekhe tuliwakemea na polisi waliwakamata. Wengine wakafungwa minyororo majumbani na wazee waliokwisha kukata tamaa.

Mwaka 2009 ilifunguliwa nyumba ya soba ya mwanzo Zanzibar. Miongoni mwa walioianzisha alikuwa Suleiman Mauly, ambaye mwenyewe alikuwa ametumia heroini akaacha, na amekuwa akilisema hilo hadharani. Nyumba nyengine zikafuata, Unguja na Pemba. Kilichokuwa kipya ndani yake hakikuwa majengo, maana nyingi ni nyumba za kukodi. Kipya kilikuwa ni mikutano. Kila siku watu hukaa duara, mmoja anasema jina lake na hali yake, wengine wanamsikiliza bila ya kumkatiza wala kumcheka. Anayeendesha mkutano si daktari wala shekhe. Ni mtu aliyewahi kulala barazani kama wao, ila yeye ametangulia miezi au miaka.

Nilipoalikwa kwenye mkutano wa kwanza nilikwenda na shaka nyingi. Nilisomea fiqhi kwa waalimu wangu, kisha nikaenda chuo kikuu, na sehemu zote mbili nilizoea kuwa mwenye kusema. Mle ndani niliombwa ninyamaze. Nikasikia mtu akieleza alivyouza cherehani ya mama yake, na mwenziwe akamjibu: "Mimi niliuza bati la jikoni." Wakacheka wote wawili, kisha wakalia. Sikuwahi kumsikia mtu akisema hivyo mbele ya mimbari yangu, na nilifahamu kwa nini.

Simu iliyopigwa mwaka 1935

Mikutano hii ina asili yake. Mwezi wa Mei mwaka 1935, mfanyabiashara wa New York aitwaye Bill Wilson alikuwa katika mji wa Akron, jimbo la Ohio nchini Marekani. Alikuwa ameacha pombe kwa miezi michache tu. Biashara iliyompeleka pale ilikuwa imeharibika, naye alikuwa peke yake katika ukumbi wa hoteli, jioni, na upande mmoja wa ukumbi kulikuwa na baa. Akahisi kwamba akiingia mle amekwisha. Badala ya kuingia akaenda kwenye simu, akaangalia orodha ya makanisa ya mji ule, akaanza kupiga. Alitaka jambo moja: aonyeshwe mlevi mwenziwe wa kuzungumza naye. Mchungaji mmoja alimpokea, akampa majina ya watu wa kuwauliza, na kwa njia hiyo akafikishwa kwa daktari wa upasuaji wa mji ule, Bob Smith, ambaye pombe ilikuwa imemshinda. Mazungumzo yao yakenda masaa mengi. Daktari yule alikunywa kwa mara ya mwisho tarehe 10 Juni 1935, na siku hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa mwanzo wa Alcoholics Anonymous, ambao wengi huwaita AA. Leo mikutano yao iko katika nchi nyingi duniani.

Sikukileta kisa hiki ili tuwasifu wasiokuwa Waislamu kuliko wetu. Nimekileta kwa ajili ya ile simu. Mtu aliyekaribia kuanguka, katika mji asioujua, aliwatafuta watu wa dini kwa sababu alidhani wao ndio wanaowajua watu. Na aliyepokea alikuwa na jina la kumpa. Mimi nilipoulizwa Kigera sikuwa na jina. Ndugu yangu imamu unayesoma hapa, ukipigiwa simu leo saa mbili usiku, utamtaja nani?

Sharia inasema nini juu ya kuacha pamoja

Tunajua kuwa khamri haikuharamishwa kwa siku moja. Katika Suratul Baqara aya ya 219 watu walielezwa kuwa dhambi zake ni kubwa kuliko manufaa yake. Katika Suratun Nisaa aya ya 43 wakakatazwa kuikaribia sala wakiwa wamelewa. Kisha katika Suratul Maida aya ya 90 na 91 likaja katazo la moja kwa moja, pamoja na sababu zake: kuwa shetani anataka kutia uadui na chuki baina yetu, na kutuzuia na kumkumbuka Allah na kusali.

Lipo jambo katika kisa hiki ambalo nilipita juu yake kwa miaka mingi bila ya kulizingatia. Anas bin Malik (r.a.) ameeleza, katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, kuwa siku katazo liliposhuka yeye alikuwa akiwanywesha watu nyumbani kwa Abu Talha. Akaja mtu na habari kuwa khamri imeharamishwa. Abu Talha akamuamrisha Anas akaimwage, nayo ikatiririka katika njia za Madina. Tazameni vizuri: wale watu walikuwa wamekaa pamoja katika kunywa, na waliacha wakiwa pamoja, katika kikao kile kile. Hakubaki hata mmoja aliyerudi chumbani peke yake huku wenziwe wakiendelea barazani. Mji mzima ulimwaga siku moja. Yule kijana wa Kigera anamwaga peke yake, na njia anayopita kurudi nyumbani bado ina vilabu.

Na mnakumbuka kisa cha aliyeua watu tisiini na tisa, kilichopokewa pia na Bukhari na Muslim. Alipofika kwa mwanachuoni akauliza kama ana toba, hakuambiwa "ndiyo" tu akaachwa. Alielekezwa aihame ardhi yake kwa kuwa ni ardhi mbaya, aende pahala fulani penye watu wanaomuabudu Allah, awe pamoja nao. Mwanachuoni yule alijua njia na aliwajua watu wa huko.

Ama mwenye kuanguka na kurudia, tunayo hadithi ya Umar (r.a.) katika Bukhari, juu ya sahaba aliyekuwa akimchekesha Mtume (s.a.w.) na ambaye aliadhibiwa zaidi ya mara moja kwa kunywa. Mtu mmoja akamlaani kwa wingi wa kuletwa kwake. Mtume akakataza asilaaniwe, akashuhudia kuwa anampenda Allah na Mtume Wake. Na katika hadithi ya Abu Hurayra (r.a.) wamekatazwa waliokuwepo kumsaidia shetani dhidi ya ndugu yao. Kila tunapomuita mtu "mlevi yule" hali ya kuwa ameacha siku kumi na moja, tujiulize tunamsaidia nani.

Mas-ala ambayo watu huyauliza

*Je, kusimama katika kikao na kusema "nilikuwa mlevi" si kutangaza dhambi?* Kutangaza kulikokatazwa ni kwa yule ambaye Allah amemsitiri usiku, naye akapambazukiwa akijisifu au akilifanya jambo hilo kuwa jepesi. Anayesema ili atibiwe ni mfano wa mgonjwa anayemueleza tabibu. Katika Bukhari na Muslim yumo mtu aliyemjia Mtume (s.a.w.) ndani ya Ramadhani akisema kuwa ameangamia, akaeleza alilolifanya, naye akasikilizwa na kusaidiwa. Pamoja na hayo, aseme kadiri ya haja. Asitaje wenziwe aliokunywa nao, wala haki za mkewe, wala asipambe yale maovu. Utaratibu wa mikutano hii, kuwa yaliyosemwa ndani hayatoki nje na kuwa majina kamili hayatajwi, unaafikiana na sitara tuliyoamrishwa.

*Je, Muislamu anaweza kuhudhuria kundi la wasiokuwa Waislamu, pengine katika ukumbi wa kanisa?* Mkoa wa Mara una Wakatoliki, Wamenonite, Wasabato na wengineo, na huenda kundi la karibu likawa kwao. Kuingia kwa ajili ya kutibiwa hakumtoi mtu katika dini yake, madamu hashiriki katika ibada yao. Ikiwa wanafunga kikao kwa sala ya Kikristo, atoke au anyamaze na amuombe Mola wake kwa moyo. Hatua kumi na mbili za AA zinamtaja Mungu kwa namna ambayo kila mtu huachiwa afahamu kwa itikadi yake. Muislamu anapolisoma hilo anamkusudia Allah peke Yake, asiye na mshirika, wala haimfalii kusema kuwa chochote chaweza kuwa mungu. Waislamu wa mji wa Baltimore nchini Marekani walikwisha kuliona tatizo hili, na mwaka 1989 wakaanzisha Millati Islami, kundi lililozipanga upya hatua zile juu ya msingi wa tauhidi. Kwa hivyo njia ipo, hatuanzi sifuri. Likipatikana kundi la Waislamu, hilo ndilo bora. Lisipopatikana, asiachwe mtu akafa na gongo kwa kungojea.

*Ameanguka siku ya arubaini. Je, sala zake zina faida?* Imepokewa kuwa anayekunywa khamri haikubaliwi sala yake siku arubaini, na kuwa akitubu Allah humpokea. Wapo wanaoifahamu hadithi hii kuwa ni ruhusa ya kuacha sala kwa muda huo, na hilo ni kosa kubwa. Wanachuoni, akiwemo Imam an-Nawawi katika kuisherehesha hadithi nyengine yenye lafdhi kama hiyo, wameeleza kuwa kinachokosekana ni thawabu, na faradhi inabaki juu yake na inaanguka kwa kuitekeleza. Basi aliyeanguka jana, akishalevuka aoge, atawadhe, aje safuni leo. Tusimfukuze.

*Ananywa kila siku kwa miaka mingi. Aache ghafla?* Uharamu haupungui, lakini hapa pana khatari ambayo wengi hatuijui. Mwili uliozoea pombe nyingi kila siku, ukikatiwa ghafla, unaweza kuingia katika kutetemeka, jasho, kifafa, kisha kuona na kusikia visivyokuwepo, khasa ndani ya siku tatu au nne za mwanzo. Watu hufa kwa hali hiyo. Hospitali zina dawa za kuituliza, wala dawa hizo si pombe. Mtume (s.a.w.) alipoulizwa juu ya khamri kufanywa dawa, alieleza kuwa hiyo ni ugonjwa, na leo, alhamdulillah, dawa ya halali ipo. Kwa hivyo mtu wa namna hiyo apelekwe hospitali kwanza. Musoma ina hospitali ya rufaa ya mkoa. Asifungiwe chumbani kusomewa ruqya peke yake. Akisomewa akiwa kitandani hospitali, ni kheri juu ya kheri.

*Na wake na mama zao?* Nao wanaumwa. Huko Marekani familia za walevi zilianzisha kundi lao, Al-Anon, mwaka 1951, kwa kuona kuwa anayeishi na mlevi anahitaji kikao chake. Wanawake wetu wapewe chumba na wakati wao. Na wanawake wanaokunywa wapo pia, wakijificha zaidi kuliko wanaume; hawa wasikilizwe na wanawake wenzao.

Msikiti unaweza kufanya nini

Sitoi rai inayohitaji mfadhili. Kikao cha namna hii kinahitaji watu wawili, chumba na saa maalumu. AA wenyewe hawamtaki mwanachama chochote isipokuwa nia ya kuacha kunywa, wala hawatozi ada.

Kwanza, kamati ya msikiti itoe chumba cha madrasa kwa jioni mbili au tatu katika wiki, baada ya Magharibi. Saa hiyo watoto wamekwisha kurudi majumbani, na ndiyo saa ambayo mwili unadai. Kwa miji ya wavuvi kama Musoma, ratiba ifuate ziwa. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza wakiwa na taa, na siku za mbalamwezi hupumzika. Siku hizo za mapumziko, mtu ana pesa na hana kazi. Hapo ndipo chumba kiwe wazi kila usiku.

Pili, anayeendesha awe ni aliyeacha. Imamu awafungulie mlango, awasalimie, aondoke. Akitakiwa kujibu mas-ala ya dini ataitwa. Najua hili ni gumu kwetu tuliozoea kukalia kiti cha mbele.

Tatu, imamu awe na karatasi moja yenye majina na namba: watu wawili walioacha na walioridhia kupigiwa simu, muuguzi anayeaminika, njia ya kwenda hospitali ya mkoa, na namba 119 kwa mwenye kuchanganya pombe na bangi au heroini. Aliye maskini na akahitaji nauli au gharama za matibabu, anaweza kusaidiwa kwa zaka kwa sifa ya ufakiri, na ni salama zaidi zilipwe moja kwa moja kuliko kumtia pesa mkononi.

Nne, khutba zetu zibadilike kidogo. Tuendelee kueleza uharamu, na mwisho wa khutba tuseme: "Anayetaka kuacha, mlango ule, baada ya Magharibi." Sentensi hiyo moja ingetosha kuwa jawabu la kijana wangu.

Na kwa Serikali yetu, rai yangu ni kuwa uraibu wa pombe uwekwe wazi katika majukumu ya taasisi moja, kama walivyofanya Kenya, na sehemu ya mapato ya leseni za vileo irudi kuwatibu wanaodhurika kwa vileo hivyo. Halmashauri inayochukua ada ya kilabu haiwezi kusema kuwa haimjui anayetoka kilabuni akiyumba.

Kuhusu kijana wetu

Kabla sijaondoka Musoma nilimpa namba yangu na ya rafiki yangu wa nyumba ya soba. Alimpigia kila jioni kwa wiki tatu, wakizungumza mpaka salio linakwisha. Siku moja hakupiga. Siku ya pili yake alipiga akilia, alikuwa amekunywa. Rafiki yangu akamwambia: "Umerudi. Leo ni siku ya kwanza, mimi pia niliianza mara nyingi." Baadaye akanieleza kuwa amempata mtu mmoja, dereva wa bodaboda aliyeacha zamani bila ya kumwambia mtu, na kwamba Alkhamisi hukaa pamoja baada ya Magharibi kwenye kibaraza cha madrasa, kwa ruhusa ya imamu. Hawana jina la kundi. Mara ya mwisho tulipozungumza walikuwa bado wawili, na wa tatu alikuwa amekuja mara moja akasimama mbali.

Namuomba Allah awathibitishe, amlete yule wa tatu, na atusamehe sisi tuliokuwa na maneno mengi na hatukuwa na jina la kutaja. Na anayesoma haya akiwa yeye ndiye mwenye suali, ajue kuwa kutafuta watu wa kukaa nao ni sehemu ya toba yake; asione haya kuuliza kwenye msikiti wa karibu, na akikosa jawabu aulize wa pili.

Wabillahi tawfiq. Wallahu aalam.